Swali la Kijana wa Beliaghata: Maisha ya Huseyn Shaheed Suhrawardy

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwanasiasa wa Bengal, lile jimbo la mashariki mwa India enzi za Waingereza, aliyetoka katika ukoo wa watu wakubwa. Bengal inao wengi wa namna hiyo, na kuna ambao ningewaeleza kwa raha zaidi. Nimemchagua Huseyn Shaheed Suhrawardy kwa sababu ya jibu alilolitoa dirishani usiku mmoja mwaka 1947. Nitaanzia hapo dirishani, halafu nirudi nyuma.

Ni usiku wa tarehe 14 Agosti. Zimebaki saa chache India ipate uhuru. Katika mtaa wa Beliaghata, Calcutta, kuna nyumba kuukuu iitwayo Hyderi Manzil, nyumba ya Waislamu kwenye mtaa wa Wahindu, na vioo vyake vimevunjwa kwa mawe siku iliyotangulia. Mvua imefanya tope tupu uwanjani. Ndani wamo watu wawili ambao hakuna aliyetarajia kuwakuta chini ya paa moja: Mahatma Gandhi, na Suhrawardy, Waziri Mkuu wa jimbo la Bengal katika siku zake za mwisho. Nje umati unapiga kelele. Unamtaka Suhrawardy.

Gandhi anasogea dirishani kuwasemesha, kisha Suhrawardy anakuja kusimama kando yake. Kijana mmoja anamuuliza: si wewe unayebeba dhamana ya mauaji makubwa ya Calcutta? Anajibu kwamba ndiyo, sote tunaibeba. Kijana hakubali. Anamwambia, tafadhali nijibu swali langu. Ndipo Suhrawardy anasema ndiyo, dhamana ilikuwa yangu.

Umati ukatulia.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi na kila mara nakwama pale kijana anaporudia swali. Neno "sote" ni tamu sana mdomoni mwa mwenye madaraka. Msibani linafariji, kwenye kazi ya pamoja linatia moyo, lakini mtu aliyekabidhiwa dola akiulizwa damu imemwagikaje, "sote" linakuwa shuka la kujifunika. Yule kijana alilivuta shuka. Na yule bwana mkubwa, mwana wa jaji, msomi wa Oxford, hakulishikilia. Tuone basi alifikaje pale.

Alizaliwa Midnapore, magharibi mwa Bengal, mwezi Septemba 1892. Baba yake, Sir Zahid Suhrawardy, alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta. Mama yake, Khujista Akhtar Banu, alikuwa mwandishi wa Kiurdu, katika zama ambazo mwanamke wa Kiislamu kusoma tu kulikuwa habari ya kuzungumzwa mtaani. Kaka yake alikuwa mshairi na mtaalamu wa sanaa. Mjomba wake, Sir Hassan Suhrawardy, tabibu, ndiye Mwislamu wa kwanza kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Calcutta.

Huyu mjomba acheni nimtolee kisa kimoja, maana kinaonyesha ukoo ule ulisimama wapi. Februari 1932, kwenye mahafali ya chuo, binti mmoja mwanafunzi, Bina Das, alichomoa bastola akamfyatulia risasi gavana wa Kiingereza, Stanley Jackson. Zilimkosa. Aliyemrukia binti na kumkamata ni Makamu Mkuu mwenyewe, mjomba Hassan, na kwa hilo Waingereza wakampa cheo cha "Sir". Kwa Wabengali wengi Bina Das ni shujaa wa uhuru mpaka leo. Ndiyo kusema akina Suhrawardy walikuwa watu wa ndani ya serikali: mahakamani, vyuoni, kwenye mabaraza. Waliijua mitambo ya dola kabla ya watu wao kuimiliki.

Na jambo jingine ambalo wageni wa habari hii hushangaa kulisikia: nyumbani kwao walizungumza Kiurdu. Kibengali alijifunza ukubwani, akiwa tayari anatafuta kura, na watu wa vijijini walimsikia kwenye matamshi kwamba hakuwa mwenzao wa kuzaliwa. Hata hivyo walimfuata kwa maelfu. Hilo peke yake lingetosha kuwa mada ya jioni nzima.

Alisoma Calcutta, akaenda Oxford, akasomea uwakili London, akarudi. Mkewe wa kwanza, binti wa Sir Abdur Rahim, naye jaji na mwanasiasa mzito, alifariki mapema, mwaka 1922. Kisha akaingia siasa, na aliingia kwa mlango mzuri. Mwaka 1924 Halmashauri ya Jiji la Calcutta ilimpata Meya Chittaranjan Das, Mhindu aliyeamini kwamba Bengal haitaongozeka bila Wahindu na Waislamu kugawana kazi na viti kwa makubaliano. Naibu Meya akawa Suhrawardy. Mtendaji mkuu wa halmashauri akawa kijana wa miaka ishirini na saba, Subhas Chandra Bose, aliyekuja kuwa shujaa wa uhuru wa India. Hebu fikirieni watu hao watatu katika jengo moja. Das alifariki mwaka 1925, mwaka uliofuata Calcutta ikawaka kwa ghasia za kidini, na yale makubaliano yakazikwa. Suhrawardy akahamia kwenye siasa za Waislamu na kwenye vyama vya wafanyakazi: mabaharia, watu wa reli, wavuta riksho. Tangu hapo makabwela wa Calcutta wakawa jeshi lake.

Mwaka 1937 akawa waziri katika serikali ya Fazlul Huq, Waziri Mkuu wa jimbo wakati huo. Akiwa waziri alizuru mji mdogo wa Gopalganj mwaka 1938, akakutana na mwanafunzi mmoja mrefu, mchangamfu, asiyeogopa wakubwa. Akaandika jina lake kwenye kijitabu, baadaye akamtumia barua. Kijana huyo ni Sheikh Mujibur Rahman, na tutakutana naye tena.

Sasa nataka tukae kidogo mwaka 1943, na naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye uzito.

Machi 1942 Wajapani waliiteka Rangoon. Ni vita ileile ya Burma ambayo babu zetu wa Keya, lile jeshi la King's African Rifles, walipelekwa kupigana mwaka 1944, katika bonde la Kabaw. Burma ilikuwa ikiiuzia Bengal mchele, na mlango huo ukafungwa. Waingereza, wakihofia Wajapani watavuka, wakakusanya na kuharibu mashua za wanavijiji pwani ya Bengal ili adui asizikute. Katika nchi ya mito, anayekunyang'anya mashua amekunyang'anya soko, shamba la ng'ambo na nyavu. Oktoba 1942 kimbunga kikubwa kikaipiga Midnapore, kwao Suhrawardy, maji ya bahari yakaingia mashambani. Jeshi linanunua chakula, serikali inachapisha pesa za vita, matajiri wanaficha magunia, bei inapaa. Kibarua asiye na shamba hakuwa na lolote la kuuza ila jasho lake, na jasho halikununua tena kibaba cha mchele.

Watu wakaanza kutembea kwenda Calcutta. Na walipofika hawakuomba wali. Walipita mlango hadi mlango wakiomba "phan", yale maji ya wali, yale meupe mazito ambayo mpishi humwaga mchele ukishaiva. "Phan dao, ma." Mama, nipe maji ya wali. Waliokuwa watoto Calcutta mwaka ule wamezeeka wakiisikia sauti hiyo. Mama amesimama kizingitini na bati lililobonyea, mtoto mgongoni hana nguvu hata ya kulia, naye haombi chakula, anaomba kinachotupwa. Wakafa kando ya barabara, mbele ya maduka yenye vyakula. Tume ya uchunguzi ya serikali ilitaja watu milioni moja na nusu. Wachunguzi wa baadaye wanakaribia milioni tatu.

Aprili 1943 Suhrawardy alikabidhiwa Wizara ya Ugavi wa jimbo. Chakula kilikuwa mikononi mwake. Alitangaza kwamba mchele upo, tatizo ni walanguzi na hofu. Akapeleka watu wakapekue maghala ya vijijini, na kilichopatikana hakikutosha. Alilaumiwa kwa kumpa kazi ya ununuzi mfanyabiashara aliye karibu na chama chake. Alifungua majiko ya uji, lakini uji ulikuwa mwembamba na watu walikuwa wengi mno.

Nisiwe mwonevu. Meli hazikuwa zake. Zilikuwa za baraza la vita la London, na Churchill na wenzake walikataa mara kwa mara kuzitoa za kutosha kupeleka nafaka. Jeshi halikuwa lake. Lilianza kugawa chakula kwa dhati pale Wavell alipokuja kuwa mkuu wa India, Oktoba 1943. Waziri wa jimbo katika koloni ana kiti lakini hana usukani wote. Haya yote nayakubali. Lakini yeye ndiye aliyewaambia watu kwamba chakula kipo wakati hakipo, na mtu mwenye njaa akishaambiwa hivyo na waziri wake, hata sauti ya kulalamika ameporwa. Kwa hilo Suhrawardy alijitetea. Dirisha la Beliaghata halikufunguliwa kwa ajili ya wale wa "phan", na mimi ninaumia kwa hilo.

Uchaguzi wa mwaka 1946 Muslim League, chama cha Waislamu kilichodai nchi yao ya Pakistan, ilizoa karibu viti vyote vya Waislamu Bengal, na Suhrawardy akawa Waziri Mkuu wa jimbo, na wizara ya usalama akaishika mwenyewe. Kumbukeni hilo, wizara ya usalama ni yake. Jinnah, kiongozi wa Muslim League, akaitisha Siku ya Hatua ya Moja kwa Moja ya kudai Pakistan, Ijumaa tarehe 16 Agosti, mwezi wa Ramadhani. Serikali ya Suhrawardy ikaitangaza siku ya mapumziko. Watu wakajaa uwanja wa Maidan kumsikiliza. Maneno aliyoyatamka yanabishaniwa mpaka kesho. Mapigano yalikuwa yameanza tangu asubuhi, na mkutano ulipotawanyika yakalipuka jiji zima. Waislamu waliwaua Wahindu, Wahindu na Masingasinga wakawaua Waislamu, kila upande ulikuwa na makundi yaliyojiandaa. Kwa siku nne. Hesabu inayotajwa sana ni watu 4,000, na wapo wanaosema ni zaidi. Kuna picha za siku zile ambazo tumbusi wamekaa juu ya paa wakiitazama barabara.

Suhrawardy alikaa saa nyingi kwenye chumba cha polisi pale Lalbazar, makao makuu yao. Watetezi wake wanasema alihangaika kuwaelekeza polisi. Wapinzani wanasema alikwenda kuwazuia. Gavana wa Kiingereza, Burrows, alichelewa kulitoa jeshi, naye ana lake la kujibu. Lakini anayeshika usalama ndiye anayeulizwa usalama ulikwenda wapi. Bila ile siku ya mapumziko, bila umati ule kuachwa pasipo polisi wa kutosha, Agosti ile ingekuwa Agosti nyingine.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nishindwe kumtupa mtu huyu. Aprili 1947, kila mtu akiwa anachora mpaka wa kuipasua Bengal, Suhrawardy alikwenda Delhi akaitisha waandishi wa habari na kupendekeza Bengal moja, huru, isiyo ya India wala ya Pakistan. Akashirikiana na Abul Hashim wa chama chake, na upande wa Wahindu na Sarat Chandra Bose, kaka yake Subhas. Mei wakafikia makubaliano. Wengi hawakumwamini, na ninawaelewa: mwaka haujaisha tangu Agosti, nani angekubali kulala chini ya paa lake? Syama Prasad Mookerjee, kiongozi wa Wahindu na naye mwana wa ukoo mkubwa, mtoto wa Sir Ashutosh, alisimama kidete Bengal igawanywe. Nehru na Patel, viongozi wa chama cha Congress, hawakutaka habari ya Bengal huru. Tarehe 20 Juni wabunge wa jimbo wakapiga kura. Wale wa wilaya za magharibi, 58 kwa 21, wakataka mgawanyo. Wale wa mashariki, 106 kwa 35, wakaukataa. Kwa utaratibu uliowekwa, upande mmoja ukitaka ilitosha. Bengal ikapasuka: magharibi ikabaki India, mashariki ikaenda Pakistan. Mwanzoni mwa Agosti chama chake mwenyewe kikampiga teke: uongozi wa Bengal ya mashariki akapewa Khawaja Nazimuddin, wa ukoo wa manawabu, yaani mabwana wakubwa, wa Dhaka.

Ndipo Gandhi akapita Calcutta akiwa njiani kwenda Noakhali, wilaya ya Bengal ya mashariki. Waislamu wa jiji, ambao sasa ndio wachache na ndio wenye hofu, wakamsihi abaki. Suhrawardy naye akaja kumsihi. Gandhi akampa sharti: nitabaki kama utakaa na mimi nyumba moja, bila polisi, mpaka amani irudi. Na akamwambia asijibu papo hapo. Aende nyumbani kwanza akashauriane na binti yake, kwa sababu Suhrawardy wa zamani itabidi afe, avae nguo ya fakiri.

Akaenda. Akarudi, akakubali.

Mnaona sasa uzito wa lile dirisha. Mtu aliyezoea magari, dansi na vilabu vya Calcutta, mtu ambaye wengi mle mtaani wangefurahi kumwona maiti, analala nyumba kuukuu iliyozungukwa na tope, bila askari. Tarehe 15 Wahindu na Waislamu walikumbatiana barabarani, wakapanda malori pamoja wakiimba, jiji lilelile la tumbusi. Mwisho wa mwezi ghasia zikarudi, umati ukavamia nyumba, Gandhi mwenyewe nusura aumizwe. Septemba mosi akaanza kufunga mpaka mauaji yakome. Siku ya nne viongozi wa makundi wakaja na ahadi ya maandishi, wengine na silaha zao. Gandhi akafungua mfungo kwa glasi ya maji ya ndimu, na aliyemkabidhi ile glasi ni Suhrawardy.

Wapo wanaosema alikuwa anajiokoa tu, kwamba hakuwa na pa kwenda. Huenda. Mtu anaweza kukubali jambo jema kwa sababu milango mingine imefungwa. Lakini wangapi mnaowajua, wakifungiwa milango yote, huchagua ule wa kukiri?

Miaka yake ya Pakistan nitaipitia haraka. Alichelewa kuhamia, Nazimuddin alimzuia kuingia Bengal ya mashariki, na kiti chake cha Bunge la Katiba kikafutwa. Juni 1949 wafuasi wake na Maulana Bhashani walianzisha Awami Muslim League huko Dhaka, na mwaka 1955 chama kikaliondoa neno "Muslim" ili Mhindu naye aingie. Uchaguzi wa 1954, akiwa pamoja na Huq na Bhashani, waliifagia Muslim League: viti 223 kati ya 237 vya Waislamu. Septemba 1956 akawa Waziri Mkuu wa Pakistan. Alikaa miezi kumi na tatu. Alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo kuzuru China, huku akishikilia urafiki na Marekani, na kwa urafiki huo Bhashani akamwacha. Oktoba 1957 Rais Iskander Mirza akamlazimisha ajiuzulu. Mwaka uliofuata majeshi yakachukua nchi. Mtawala mpya, Jenerali Ayub Khan, akampiga marufuku siasa, na Januari 1962 akamtia ndani Karachi. Wanafunzi wa Dhaka, wengi wao walikuwa watoto wachanga mwaka ule wa njaa, wakaingia barabarani kwa ajili yake.

Ukoo haukuishia kwake. Binti wa mjomba Hassan, Shaista Suhrawardy Ikramullah, alikuwa mmoja wa wanawake wawili tu katika Bunge la Katiba la kwanza la Pakistan, na mwaka 1948 alikaa kwenye meza za Umoja wa Mataifa wakati Tamko la Haki za Binadamu linaandikwa. Mjukuu wake Suhrawardy, Shahida Jamil, alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa Pakistan, wizara aliyowahi kuishika babu yake. Kwa maoni yangu Shaista ndiye aliyeutumia vizuri zaidi urithi wa nyumba ile, na anastahili jioni yake.

Suhrawardy alifia hotelini Beirut tarehe 5 Desemba 1963, peke yake, mbali na Calcutta aliyoipoteza na Dhaka iliyomtaka. Ilitajwa kuwa ni moyo. Walio karibu naye walibaki na shaka. Mwili ukapelekwa Dhaka, ukazikwa karibu na Fazlul Huq, aliyekuwa bosi wake kisha hasimu wake. Mwaka uliofuata pembeni yao akalazwa Nazimuddin, yule aliyempokonya uongozi mwaka 1947. Wapo hapo wote watatu chini ya matao yaleyale. Hapohapo jirani ni uwanja mpana wa mbio za farasi ambako tarehe 7 Machi 1971 Mujib, yule mwanafunzi wa kwenye kijitabu, alihutubia taifa lililokuwa linazaliwa, na ambako Desemba 16 jeshi la Pakistan lilitia sahihi ya kushindwa. Bangladesh ilipopata uhuru uwanja huo ukapewa jina la Suhrawardy.

Mimi yangu ndiyo hayo. Kipaza sauti kinakuja huko nyuma. Mwenye swali aulize, na akiona nimemzungusha, arudie.